Mji, Shamba na Kiunga katika Riwaya za Kiswahili

Katika madarasa ya fasihi ya Kiswahili kuna swali lisilokosa kuulizwa: mtungaji ameuonyeshaje mji, na amelionyeshaje shamba? Jibu nalo halikosi kutolewa. Mji ni mahali pa upotovu na shamba ni mahali pa wema. Aendaye mjini hupotea, na arudiye shamba huokoka. Mwanafunzi hulikariri jibu hili, mtahini hulipa alama zake, na kitabu hufungwa. Ubaya wa jibu hili si kwamba ni uongo mtupu, maana vipo vitabu vinavyolistahili. Ubaya wake ni kwamba limekuwa kifuniko cha chungu: hutiwa juu ya kila riwaya bila kutazama kilichomo ndani.

Yafaa jibu hilo lijaribiwe kwa kipimo kidogo ambacho wahakiki aghalabu hukipita, nacho ni chakula. Mtu wa mjini na mtu wa shamba waweza kubishana mchana kutwa juu ya maadili, lakini wote wawili hula jioni. Mahali ambapo chakula kimepikwa, na mtu aliyekipika, na namna kilivyolipiwa, ni mambo yasemayo ukweli wa maisha ya mahali hapo kuliko sifa na laumu. Mhakiki akiuliza ni nani aliyesaga unga, ni nani aliyeteka maji, na ni nani aliyetoa fedha, atakuta kwamba baadhi ya riwaya kubwa za Kiswahili zimekwisha kuyajibu maswali haya, ila zimesomwa kana kwamba hazikuyajibu.

Nchi iliyo mashariki ya Ziwa Viktoria yaufaa sana uchunguzi huu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya 2,300,000 katika Mkoa wa Mara, na walio wengi wao wanaishi nje ya miji. Walakini miji yenyewe haiko mbali nao. Musoma umekaa juu ya rasi iliyoingia ziwani. Bunda umekaa kwenye barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma na Sirari, kati ya ziwa na mbuga ya Serengeti. Butiama uko pembeni kidogo ya barabara hiyo, vilimani. Mtu aweza kuamka Butiama, akauza kuku Musoma, akarudi kwake kabla ya jua kutua. Katika nchi ya namna hii si rahisi kusema ni wapi mji unapokoma na ni wapi shamba linapoanza.

Hata hivyo haikuwa hivyo siku zote. Mwaka 1934 mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki alitoka Butiama kwenda kusoma katika shule ya Mwisenge, Musoma, na safari hiyo ya maili 26 hivi ilikuwa safari ya miguu. Kwa mtoto yule mji ulikuwa mbali kweli. Umbali huo ndio uliozaa picha ya mji na shamba kama dunia mbili, na picha hiyo ilikuwa na haki yake katika wakati wake. Lakini barabara imeufupisha mwendo, na Butiama yenyewe leo ni makao makuu ya wilaya na ina chuo kikuu cha kilimo na teknolojia chenye jina la mtoto yule yule. Umbali umepungua, picha haikubadilika.

Kiswahili chenyewe hakina lawama katika jambo hili, kwa sababu tangu zamani kina neno la tatu. Neno hilo ni kiunga. Watu wa pwani hulitumia kwa maana ya bustani yenye miti ya matunda, na hulitumia pia kwa maana ya sehemu zilizo kandokando ya mji. Maana hizi mbili hazikukutana kwa bahati. Kiunga ni mahali ambapo mtu wa mjini alipanda mwembe wake na mnazi wake, akaweza kufika kwa miguu na kurudi. Si mji kamili na si shamba kamili. Ni mahali panapounga vyote viwili. Wahakiki wamelichukua neno mji, wakalichukua neno shamba au kijiji, wakaliacha neno kiunga liozee katika kamusi. Kwa kuliacha neno, wameiacha na hali ambayo neno hilo huitaja, na ndiyo hali ambayo watu wengi wa Bweri, Makoko na Buhare, katika viunga vya Musoma, wanaishi ndani yake kila siku.

Chakula cha mji chenyewe nacho kina historia yake, na historia hiyo yakanusha mengi yanayosemwa juu yake. Mfano mzuri ni chakula kinachoitwa piza. Jina limetoka Italia, na katika mji wa Napoli piza ilikuwa chakula cha maskini: watu waliokaa katika vyumba vidogo visivyo na jiko la maana, wakanunua kipande cha mkate barabarani kwa fedha kidogo. Ilizaliwa kwa sababu ya upungufu wa meko na upungufu wa wakati. Ilipofika Unguja jina lilibaki na kitu kikabadilika. Mpishi wa bustani ya Forodhani huchukua donge la unga, akalitandaza jembamba kama karatasi, akaweka katikati nyama ya kusaga, kitunguu, pilipili hoho na yai, akalikunja pande nne, akalikaanga kwenye kikaango bapa mbele ya macho ya mnunuzi. Kwa sura na kwa kazi chakula hiki ni ndugu wa mkate wa mayai wa Mombasa na wa mikate ya kujazwa ya nchi za Arabuni, kuliko kuwa ndugu wa piza ya Napoli. Lakini jina halikukosea kabisa. Kama ile ya Napoli, piza ya Unguja ni chakula cha mtu aliyesimama, asiye na meko karibu, mwenye fedha kidogo mkononi na njaa isiyongoja.

Bara ina vyakula vyake vya ukoo huo huo. Uganda, ng'ambo ya ziwa, chapati iliyoviringishwa pamoja na mayai huitwa rolex, kwa mchezo wa maneno ya Kiingereza yenye maana ya mayai yaliyoviringishwa. Tanzania, na Bunda na Musoma si tofauti na miji mingine, chakula cha aina hii kilichoenea kupita vyote ni chipsi mayai: viazi vya kukaanga vilivyogandishwa kwa yai, ambavyo vijana kwa utani huviita zege. Utani huo una maana. Zege hujenga nyumba upesi, na hukaa mahali pake bila kuondoka. Abiria ashukaye Bunda kwa muda mfupi, mwanafunzi aliyepanga chumba kimoja, fundi asiye na mke karibu, wote hawa huishi kwa zege hilo. Si anasa. Ni bei ya kutokuwa na meko.

Kwa upande wa pili kuna ugali wa shamba. Katika vijiji vya Mara aghalabu huwa wa muhogo, au wa muhogo uliochanganywa na mtama, pamoja na sato, dagaa au mboga za majani. Washairi na wasemaji huusifu ugali huu, na sifa hizo ni za haki, maana hushibisha na hukusanya watu. Lakini yafaa kuhesabu. Muhogo wapaswa kung'olewa, kumenywa, kuvundikwa, kuanikwa, kutwangwa na kuchekechwa. Maji yapaswa kutekwa, na kuni zapaswa kuchanjwa. Kazi hizi zote hazikulipiwa senti, na kwa sababu hiyo mtu husema kwamba chakula cha shamba ni cha bure. Hakuna chakula cha bure. Chakula cha mjini hulipiwa kwa fedha ya aliyekinunua. Chakula cha shamba hulipiwa kwa siku nzima ya mtu mwingine, na mtu huyo karibu siku zote ni mwanamke.

Hapo ndipo riwaya zinapoingia. Kati ya vitabu vinavyolitukuza shamba, kilicho maarufu ni *Utubora Mkulima* cha Shaaban Robert, kilichotolewa mwaka 1968, baada ya mtungaji kufariki mwaka 1962. Utubora huacha kazi ya ukarani yenye mshahara na heshima, akaenda kulima Busutamu. Kitabu hiki ni hoja kubwa ya maadili: kwamba thamani ya mtu haimo katika kiti alichokalia bali katika kazi ya mikono yake na usafi wa nia yake. Hapana haja ya kuipinga hoja hiyo. Lakini msomaji akumbuke kwamba ni hoja ya mtu mmoja mwenye hiari. Utubora alikuwa na kitu cha kuacha, na kwa hiyo kuacha kwake kukawa sifa. Jembe lake ni alama ya uhuru. Mwanamke aliyezaliwa penye jembe na kinu, ambaye hakupewa mshahara wa kuuacha, hawezi kulisoma shamba kwa namna ile ile. Mwalimu afundishaye kitabu hiki kana kwamba kimekwisha kueleza shamba zima hukitwika mzigo ambao chenyewe hakikuuomba.

Watungaji wa ziwani walilianza jambo mahali pengine. Kisiwa cha Ukerewe kiko mkabala na pwani ya Bunda, na kivuko huvusha watu na mizigo kati ya Kisorya na Rugezi. Kisiwa hiki kidogo kimeipatia lugha ya Kiswahili watungaji wawili ambao taifa kubwa lingejivunia kuwa nao: Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896 na kufariki mwaka 1981, na Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa mwaka 1944 na kufariki mwaka 2020.

Kitabu cha Kitereza juu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kiliandikwa kwanza kwa Kikerewe, kikamalizika mwaka 1945. Mtungaji mwenyewe akakitafsiri kwa Kiswahili, nacho kikatoka Dar es Salaam mwaka 1980. Wako wasomaji wanaokilalamikia kwamba kinakwenda polepole mno, kwa kuwa kila jambo huelezwa kwa utaratibu wake wote: kulima, kuvua, kupika pombe, kupokea mgeni, kuuguza mgonjwa. Malalamiko haya yasahau kwamba huo upole wa mwendo ndio hoja ya kitabu. Kitereza hakubali chakula kitokee mbele ya mgeni kama kwa uganga. Humwonyesha msomaji mikono iliyokileta. Bugonoka akichukuliwa na wazazi wake kwa sababu ya masimango ya jamaa za mumewe juu ya ugumba, pigo halikuwa la moyo wa mume peke yake. Nyumba yenyewe ilipungukiwa na nguzo ya kazi. Na Myombekere akitaka mkewe arudi hana budi kulipa faini ya pombe kwa wakwe zake, na pombe hiyo haipatikani ila kwa jasho na msaada wa watu. Katika kitabu hiki mapenzi yana uzito wa mitungi.

Jambo lingine la kuangaliwa ni kwamba katika masimulizi ya Kitereza hakuna mji. Hadithi imewekwa katika zama za kabla ya utawala wa wakoloni, na watu wake hawajui kwamba wanaishi shamba, kwa sababu shamba ni jina ambalo mji hulipa mahali pasipo mji. Kwao ule ni ulimwengu, wenye wema na wenye husuda, wenye ukarimu na wenye masengenyo yawezayo kuivunja ndoa. Mtu atakaye kukisoma kitabu hiki kama sifa ya kijiji dhidi ya mji hukuta kwamba shitaka lake halina mshitakiwa. Maovu yaliyomo, na yamo, yalikuwapo kabla ya taa ya kwanza ya barabarani kuwashwa.

Miaka 26 baada ya Kitereza kumaliza maandishi yake ya Kikerewe, Kezilahabi alitoa *Rosa Mistika*, mwaka 1971. Kitabu hiki kiliwatia watu hofu hata kikazuiliwa shuleni kwa muda, na tangu hapo kimesomwa sana kama onyo: binti wa Ukerewe alitoka kijijini, akaenda kusoma Mwanza, kisha Morogoro, akaharibika, akajiua. Lijibu la kifuniko hukaa juu ya kitabu hiki kana kwamba lilichongwa kwa ajili yake. Lakini mtungaji alianza wapi? Hakuanza Mwanza wala Morogoro. Alianza nyumbani, Namagondo, na alimwonyesha Zakaria, baba mlevi, akimpiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Katika nyumba ile Regina, mama wa watoto, ndiye abebaye maisha ya kila siku, na mumewe ndiye anywaye. Rosa alipelekwa katika ulimwengu akiwa amefundishwa hofu badala ya busara. Mji haukumharibu mtu mzima. Ulimpokea mtu aliyekwisha kuvunjwa. Msomaji akikihesabu chakula cha nyumba ile, ni nani alikileta na ni nani alikinywa kwa pombe, hawezi tena kusema kwamba uovu ulimngoja Rosa kwenye gati la Mwanza.

Katika *Kichwamaji*, cha mwaka 1974, Kezilahabi aliligeuza jambo upande wa pili. Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu, hurudi kwao na kukuta hakai sawasawa popote. Elimu imemtoa kijijini bila kumpa mahali pengine pa kukaa. Wahakiki wengi wamelisoma hili kama habari ya falsafa, juu ya mtu na ukosefu wa maana ya maisha, na kweli falsafa imo. Lakini chini ya falsafa kuna jambo la kawaida kabisa. Kazimoto hana kiunga. Hana mahali pa kati ambapo angeweza kuwa msomi na mtoto wa kwao kwa wakati mmoja. Dunia yake ina pande mbili tu, na kila upande wamtaka aukane mwingine. Msiba wake haukutokana na mji wala na shamba, bali na pengo lililo kati yake.

Pwani nayo haikukosa macho. *Nyota ya Rehema*, riwaya ya Mohamed Suleiman Mohamed iliyotoka mwaka 1976, yamsimulia msichana akimbiaye shamba la babake mwenye mali kwa sababu ya kunyimwa upendo na haki. Mji humla, halafu Rehema hupata utulivu kwa Sulubu, mkulima fukara. Hapa kuna mashamba mawili, wala si moja. Shamba la mwenye mali lilimfukuza, na shamba la fukara lilimpokea. Tofauti yake si hewa wala miti, maana miti ni ile ile. Tofauti ni kwamba katika lile la pili kazi na chakula vinagawanywa kati ya watu wanaoheshimiana. Jibu la kifuniko haliwezi kuyatenga mashamba haya mawili, kwa sababu halina neno jingine zaidi ya shamba.

Kuna na maandishi ambayo si riwaya, lakini mhakiki wa mji na shamba hana ruhusa ya kuyapita. Azimio la Arusha lilitolewa na TANU mwaka 1967, na kalamu yake kuu ilikuwa ya mtu wa Butiama. Katika Azimio hilo mji na shamba havikupangwa kama dhambi na thawabu. Vilipangwa kama hesabu. Mikopo ya nchi za nje, lilisema, hutumika zaidi mijini, na hulipwa zaidi kwa jasho la mkulima. Basi yawezekana mkulima akanyonywa na watu wa mjini wasiojua kwamba wananyonya. Halafu Azimio likaingia ndani ya kijiji chenyewe. Likasema kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi wakati mwingine saa 12 au 14 kwa siku, hata siku za mapumziko, hali wanaume wengi wa vijijini hupumzika nusu ya maisha yao. Maneno hayo ni makali, na yalitoka kwa mtu aliyekipenda kijiji kiasi cha kurudi kuishi huko baada ya kuacha urais mwaka 1985. Mapenzi yake hayakumzuia kuhesabu. Hili ndilo somo ambalo uhakiki wa fasihi haujalichukua: inawezekana kulipenda shamba na kuuliza ni nani atwangaye.

Huenda mtu akasema kwamba haya ni mambo ya jikoni, na kwamba fasihi ina mambo makubwa zaidi. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama watungaji wenyewe wangekuwa nayo. Kitereza hakuwa nayo, maana alitumia kurasa nyingi kwa mambo hayo hayo. Tena hakuna kitu kikubwa katika riwaya kisichopita mlangoni mwa jikoni. Uhuru, heshima, ndoa, upweke, vyote hivi huonekana kwanza katika swali la ni nani ale na nani, na ni nani abaki amesimama. Mwingine aweza kusema kwamba mashine za kusaga na mabomba ya maji yameyaondoa mateso ya zamani, na kwa hiyo hesabu hii imepitwa na wakati. Ni kweli kwamba mashine imeupunguza mzigo wa kinu. Lakini mashine hutaka fedha, na fedha hutaka mtu aende kuitafuta, na kwa kawaida aendaye sokoni na ndoo ya dagaa alfajiri ni yule yule aliyekuwa akitwanga.

Hapo kiunga kinarudi, na hakirudi kama pepo. Wako watu wanaokisifu siku hizi kwa maneno matamu: mtu apata kiwanja cha bei nafuu kuliko katikati ya mji, afuga kuku, apanda migomba na muhogo, watoto wachezea uani, na mji uko karibu kwa biashara na hospitali. Sifa hizi ni za kweli. Aishiye pembeni mwa Musoma aweza kupata sato kutoka Mwigobero na mboga kutoka uani kwake kwa siku moja, jambo ambalo mpangaji wa chumba kimoja mjini halipati, na mkulima wa mbali na ziwa halipati. Lakini kiunga kina gharama zake. Nauli ya pikipiki hula faida ya genge. Maji na taa huchelewa kufika. Ndugu wa shamba humwona mtu wa kiunga kuwa mtu wa mjini na kumtaka msaada. Bwana wa mjini humwona kuwa mshamba. Na mke wa kiunga mara nyingi huwa na siku mbili ndani ya siku moja: asubuhi hukaanga chapati na maandazi ya kuuza barabarani, na jioni huinamia meko yake kwa ajili ya jamaa. Meko ya shamba na kikaango cha mji vimekutana mikononi mwake, na vyote viwili vyamngoja yeye.

Kwa sababu hiyo kiunga ni mahali pazuri pa kusimama kwa mhakiki, si kwa sababu ni pema kuliko mji na shamba, bali kwa sababu hesabu zote mbili huonekana hapo kwa pamoja. Asimamaye mjini huiona fedha na hauoni mchi. Asimamaye katika shamba la mawazo huiona miti na haoni mtekaji maji. Asimamaye kiungani huona mwanamke mmoja mwenye kinu upande huu na kikaango upande huu, na hawezi kusema kwamba kimoja ni wema na kingine ni upotovu. Vyote viwili ni kazi, na vyote viwili ni riziki. Tofauti yake ni ya bei, ya uhuru, na ya mwenye kuchagua.

Kusoma namna hii hakutaki nadharia ngeni wala maneno mazito. Kwataka maswali machache, nayo hayana budi kuulizwa kwa kila riwaya, iwe ya pwani au ya bara. Ni nani alaye katika kitabu hiki, na ni nani apikaye? Chakula kimelipiwa kwa fedha ya nani au kwa muda wa nani? Aondokaye shamba anaacha nini, na anayebaki anabebeshwa nini kwa kuondoka kwake? Arudiye anarudi kwa hiari, kama Utubora, au kwa kukosa mahali pengine, kama Kazimoto? Mwanafunzi akiyajibu haya kwa ushahidi wa kitabu, hatakuwa na haja ya kukariri kwamba mji ni uozo. Huenda akaona kwamba katika kitabu kimoja mji ndio uliompa mwanamke pumzi yake ya kwanza, na katika kingine ulimnyang'anya. Na kwamba katika vyote viwili shamba halikuwa mtu mmoja mwenye sauti moja.

Gharama ya kutofanya hivyo haiwaangukii watungaji, maana vitabu vyao vimekwisha kuandikwa na vitadumu. Humwangukia msomaji kijana wa Bunda au Butiama, ambaye amezaliwa na mama auzaye chapati mchana na kusonga ugali usiku, na ambaye hufundishwa darasani kwamba nusu ya kazi ya mama yake ni ya wema na nusu ni ya upotovu. Kijana huyo hukisoma kitabu cha watu wa kwao asiione nyumba yake ndani yake, hali nyumba yake imo. Kitereza aliiweka, Kezilahabi aliiweka, na Azimio lilihesabu saa zake. Kazi ya uhakiki ni kukiinua kifuniko ili chungu kionekane kina nini, na ni nani aliyekiteleka.